Vigari vidogo vya chuma: kasoro ipi unaweza kuishi nayo?

Chukua lori la taka la kuchezea la Matchbox na gari la abiria la Matchbox, uviweke mezani ubavu kwa ubavu. Utaona kitu cha kuchekesha. Vyote viwili vina urefu wa sentimita saba hivi. Dereva wa lori akishuka kumsalimia mwenzake, kichwa chake kitaishia kifuani mwa mwenzake. Mtoto halioni hilo, na wala halimsumbui. Lakini siku utakapoanza kuvipanga rafuni na kuviangalia kwa jicho la mtu mzima, utaliona, na ukishaliona haliondoki tena.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mtu ana vigari kama thelathini vya kila namna na sasa anataka kujua aelekee wapi. Aendelee na vya bei nafuu vinavyouzwa kwenye kadi? Ahamie kwenye modeli sahihi za 1:64, yaani gari halisi lililopunguzwa mara 64? Apande hadi 1:43? Awe mtu wa malori na mitambo? Au ageukie vya zamani, vile ambavyo babu wa mtu alivichezea vikachubuka rangi? Mimi nimepita kote huko kwa kuyumbayumba, nikiuza hiki ninunue kile, na nimegundua kwamba hakuna kundi lisilo na kasoro yake ya kudumu. Kwa hiyo swali langu kwa mtu aliyekwama huwa moja: kasoro ipi unaweza kuitazama kila siku bila kukereka?

Vigezo kwanza

Kila kundi nitalipima kwa mambo manne. *Nafasi*: modeli inakula kiasi gani cha rafu. *Usahihi*: umbo, vipimo na vipande vidogo vinakaribia gari halisi kwa kiasi gani. *Ukaguzi*: ukiishika mkononi, au ukiiona kwenye picha tu, unaweza kujua hali yake bila kudanganyika? *Uzee*: ni kitu gani kitaiharibu hata kama hukuigusa. Mwisho wa kila kundi nitasema linamfaa nani.

Kabla hatujaanza, neno kuhusu chuma chenyewe, maana kinaeleza mengi yatakayofuata. Tunaita "chuma" kwa mazoea, lakini ni aloi ya zinki yenye aluminiamu kama asilimia nne. Huyeyuka chini kidogo ya nyuzi 400 za selsiasi, ikasukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma kigumu cha zana. Aloi ni rahisi. Kalibu ndiyo ghali. Kiwanda kikishachonga kalibu kinataka kumimina modeli nyingi mno ili gharama irudi. Ndiyo sababu umbo lilelile la gari hutoka mwaka baada ya mwaka kwa rangi mpya, na ndiyo sababu gari lisilo maarufu huwa halipatikani kwa chuma kabisa.

Na skeli: 1:64 maana yake urefu wa gari halisi umegawanywa kwa 64. Volkswagen Beetle ya kawaida ina urefu wa mita 4.08 hivi. Kwa 1:64 inakuwa milimita 64, kwa 1:43 inakuwa 95, kwa 1:18 inakuwa karibu sentimita 23. Hizi 1:18 nimeziacha nje ya ulinganisho huu. Ni nzuri sana, lakini kumi tu zinajaza kabati, na mada yetu ni vigari vidogo.

1. Vigari vya kadi: Hot Wheels, Matchbox, Majorette, Tomica, Siku

Hivi ndivyo vilivyoanzisha ugonjwa kwa wengi wetu. Matchbox ilitoka kwa Lesney, kampuni ya London, mwaka 1953. Fundi wake Jack Odell alikuwa na binti ambaye shuleni aliruhusiwa kuleta tu kichezeo kinachoingia ndani ya kiberiti, naye akamtengenezea mtambo mdogo wa kushindilia barabara. Hot Wheels ya Mattel ilifuata Marekani mwaka 1968 ikiwa na magari 16, na tangu 1997 majina hayo mawili yako chini ya paa moja. Tomica ni ya Japani, tangu 1970. Majorette ilizaliwa Ufaransa. Siku ni ya Ujerumani, na Mswahili akilisoma jina hilo asihangaike kutafuta siku gani: ni kifupi cha jina la familia ya Sieper na neno la Kijerumani la plastiki.

*Nafasi.* Droo moja hubeba mia. Hatari ni idadi. Vikiwa vidogo na vya bei nafuu, mkono haujui kusema basi, na baada ya mwaka unakuwa na ghala badala ya mkusanyo.

*Usahihi.* Hapa kila kampuni ina dini yake. Hot Wheels iliumbwa ikimbie kwenye reli ya plastiki, kwa hiyo magurudumu mara nyingi ni makubwa kuliko inavyopaswa na bodi hupanuliwa ili yaingie. Majorette na Tomica zina springi. Ukibonyeza paa gari linashuka na kurudi, na nakiri nimepoteza dakika nyingi za maisha yangu nikifanya hivyo tu. Hizi mbili pia huandika skeli tumboni mwa gari, na ukigeuza tatu au nne utakuta kila moja ina namba yake, kwa sababu kinachotawala ni ukubwa wa boksi. Malori ndiyo huumia zaidi. Lori lenye tela lililobanwa ndani ya sentimita saba au nane hufupishwa hadi linafanana na katuni.

*Ukaguzi.* Kama bado kiko kwenye kadi, unaona ubavu mmoja, paa na basi. Inamisha kadi uone upande wa pili kadiri plastiki inavyoruhusu. Angalia michoro iliyochapwa kwanza: taa za mbele zimechapwa juu ya taa, au zimeteleza milimita moja hadi kwenye boneti? Kisha ekseli: magurudumu yote manne yanagusa chini? Ukiwa nacho mkononi, kigeuze. Mwaka ulioandikwa tumboni ni wa hakimiliki ya umbo lile, si mwaka kilipotengenezwa. Kosa hili ndilo ninalokutana nalo kuliko yote. Mtu anauza "Hot Wheels ya 1974" ambayo ilimiminwa juzi, kwa kalibu iliyobeba mwaka ule wa kale. Kwa Hot Wheels za kuanzia 2008 tafuta msimbo mdogo wa herufi na namba uliogongwa chini: herufi ni mwaka, namba ni wiki.

Tangu 1995 Hot Wheels huficha vigari vya nadra katikati ya vya kawaida, na tangu 2007 kuna daraja la juu lenye rangi inayong'aa kama peremende iliyolambwa na matairi ya mpira. Kwa kuwa vina bei kubwa, vinaghushiwa. Mtu hutoboa ribiti, yaani vile vipini vilivyopondwa vinavyoshikanisha tumbo na bodi, hubadilisha magurudumu, hufunga tena. Kwa hiyo ribiti za chini ziangalie kama daktari anavyoangalia jicho. Ribiti ya kiwandani imepondwa, ina kingo laini za mviringo. Iliyotobolewa ina tundu katikati, au skrubu, au gundi.

*Uzee.* Kigari chenyewe ni kigumu. Kadi ndiyo dhaifu: plastiki inageuka njano juani, karatasi inapinda kwa unyevunyevu, kona zinakunjamana kwa kuhamishwa tu. Ukikusanya bila kufungua, jua kwamba unakusanya karatasi kwa kiwango kilekile unachokusanya magari.

*Anayefaa.* Mwenye watoto wanaotaka kugusa. Anayependa kuwinda na kubadilishana na wenzake. Anayependa maumbo ya ajabu ambayo hayakuwahi kuwepo barabarani. Hafai mtu ambaye lori fupi litamnyima usingizi.

2. Modeli za 1:64 za watu wazima: Mini GT, Tomica Limited Vintage, Inno64, Tarmac Works

Kwa macho ya haraka ni ukubwa uleule. Weka kando ya kigari cha kadi, subiri jicho lizoee, halafu utaelewa bei.

*Nafasi.* Magari ya abiria hayana tabu, milimita 60 hadi 80. Malori ni habari nyingine, kwa sababu humu skeli haichezewi. Lori na tela la mita 16.5 kwa 1:64 ni sentimita 26. Mini GT hutoa malori ya namna hii yakiwa na makontena, na rafu uliyoipimia vigari itakusuta.

*Usahihi.* Hii ndiyo fahari ya kundi. Gari dogo ni dogo, kubwa ni kubwa, na ukiyapanga mstari mmoja yanaonekana kama maegesho ya kweli yaliyotazamwa kutoka ghorofani. Tomica Limited Vintage, iliyoanza 2004 chini ya TomyTec, hufuata hata tofauti za grili kati ya toleo la gari la mwaka mmoja na la mwaka uliofuata. Kwa mpenzi wa magari ya Kijapani ya miaka ya 1960 hadi 1990 sijui kundi jingine linalompa utajiri wa namna hiyo.

*Ukaguzi.* Vipande vidogo ndiyo furaha na ndiyo adhabu. Vioo vya pembeni huvunjika ndani ya boksi. Hesabu: viwili vipo? Vimekaa kwa pembe moja? Waipa zimechapwa kwenye kioo au ni kipande kilichobandikwa? Angalia kioo cha mbele dhidi ya mwanga. Ukungu mweupe pembeni ni mvuke wa gundi na hautoki kwa kufuta. Kisha sukuma gari juu ya kioo cha meza. Mengi hayabingiriki vizuri, na hiyo si kasoro, hayakuumbwa kukimbia. Lakini kama gurudumu moja linaelea, ekseli imepinda.

Jambo moja la kujua kabla ya kulalamika kwa muuzaji: modeli ileile mara nyingi hutolewa kwa usukani wa kulia na wa kushoto kama bidhaa mbili. Soma boksi.

*Uzee.* Matairi laini ya mpira hukusanya vumbi na wakati mwingine huacha alama kwenye plastiki yanapokaa. Hakuna mengi zaidi, kundi hili bado changa.

*Anayefaa.* Mtu wa chumba kidogo na jicho kali. Mtu mwenye nidhamu ya kuchagua mada moja, mathalani magari ya mbio za saa 24 za Le Mans, akaishikilia. Kwa mtoto wa miaka mitano hapana. Vioo vya pembeni havitaiona jioni.

3. Skeli ya 1:43

Namba hii ya ajabu ilitoka kwenye treni. Treni ndogo za Uingereza za kipimo cha O zilitumia milimita 7 kwa kila futi moja, na ukigawanya futi kwa milimita 7 unapata 43.5. Magari yaliundwa yaende na treni, treni zikapungua, magari yakabaki na namba yao.

*Nafasi.* Sentimita 9 hadi 12 kwa gari la kawaida, lakini mengi huja yamefungwa kwa skrubu juu ya kibao na kufunikwa kwa kasha la plastiki angavu. Kasha ndilo linalokula rafu. Faida ni kwamba makasha yanapangwa juu ya mengine, na vumbi linabaki nje.

*Usahihi.* Kwa maoni yangu hapa ndipo jicho la binadamu linapotosheka. Ndani unaona geji za dashibodi bila lenzi. Uchaguzi wa magari ni mpana kuliko popote, hasa magari ya mbio na magari ya Ulaya ambayo hakuna mwingine aliyejali kuyakumbuka. Ila kumbuka habari ya kalibu. Modeli nyingi za kisasa za 1:43, kama zile za Spark, hazikumiminwa kwa zinki; ni resini, aina ya plastiki ngumu, iliyomwagwa kwenye kalibu laini ya silikoni, ambayo ni rahisi kutengeneza na inatosha kwa matoleo ya idadi ndogo. Resini inatoa mistari mikali na mapengo membamba. Haina milango ya kufungua, na haina uzito. Ukiinua modeli ya resini baada ya kuzoea Solido ya zamani ya chuma, mkono unashtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

*Ukaguzi.* Kwa chuma: fungua milango, iache, uone inarudi sawa au inabaki wazi kidogo. Kwa resini: tafuta vipande vilivyobanduka vikicheza ndani ya kasha. Tikisa taratibu usikilize. Vipande vya chuma chembamba vilivyokatwa kwa kemikali, kama grili na waipa, hubanduka kwa joto kwa sababu chuma na resini havitanuki sawa. Muulize muuzaji picha bila kasha. Kasha lililokwaruzwa huficha mengi, na kasha safi huakisi mengi.

*Uzee.* Matairi. Yale ya vinili hutoa mafuta taratibu na kuyeyusha plastiki ya kibao yanapokaa miaka bila kusogezwa. Ukiinua gari linaacha mashimo manne, au tairi linabaki chini. Mimi hulegeza skrubu na kuweka kijiti chini ya ekseli ili magurudumu yasiguse. Pia rangi inaweza kutokwa na vipele kama modeli imehifadhiwa mahali penye unyevu, na vipele havitibiki bila kupaka upya.

*Anayefaa.* Anayetaka kutazama zaidi kuliko kushika, na anayetaka gari fulani mahususi, si gari lolote. Pia msomaji wa historia, kwa sababu rafu ya 1:43 inaweza kupangwa kama kitabu, mwaka baada ya mwaka.

4. Malori na mitambo ya 1:50

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wa malori mara nyingi huambiwa wakusanye tu "kama wengine", halafu hawaelewi kwa nini hawaridhiki. Dunia ya malori ina skeli yake, 1:50, na ina majina yake: Conrad na NZG za Ujerumani kwa mitambo ya ujenzi na kreni, Tekno na WSI za Uholanzi kwa malori ya masafa. Watengenezaji wa mitambo halisi wamekuwa wakiagiza modeli hizi kwa ajili ya wateja wao, ndiyo maana usahihi wake ulitoka kwenye michoro ya kihandisi kabla mkusanyaji hajafika.

*Nafasi.* Usijidanganye. Lori na tela la mita 16.5 ni sentimita 33. Kreni ndefu ikiwa imesimama na mkono wake juu huhitaji nafasi ya mti wa kwenye chungu. Uzito nao: rafu ya mbao nyembamba itapinda katikati. Pima kina cha rafu kabla ya kununua lori la kwanza, si baada ya la nne.

*Usahihi.* Hakuna kundi linaloishi kama hili. Ndoo ya ekskaveta inachota, silinda zinaingia na kutoka, kabini ya lori inainama mbele kuonyesha injini, magurudumu ya mbele yanakata kona. Kwenye lori zuri la 1:50 kuna mabomba ya breki kati ya kichwa na tela, na ukiyaona yamejikunja kama yanavyojikunja ya kweli, utaelewa kwa nini mtu mzima anaweza kukaa kimya mbele ya kabati.

*Ukaguzi.* Mitambo ina viungo, na viungo vina uhai wake. Inua mkono wa ekskaveta uache: unabaki ulipo au unaanguka? Ukianguka, silinda zimelegea, na kukaza si kazi rahisi. Kwa kreni, fuata uzi kutoka kwenye winchi hadi ndoano, puli moja baada ya nyingine. Uzi ulioruka puli unaonekana mdogo kwenye picha na unakula jioni nzima kuurudisha. Hesabu vioo, ngazi, taa za paa, kulabu, na vile vipande vya uzito wa nyuma ambavyo hutoka na kupotea. Minyororo ya miguu ya chuma hudumu. Ya mpira ikunje kidogo kwa kidole uone kama ina nyufa. Na tafuta kitabu cha maelekezo ndani ya boksi, kwa kreni hasa. Bila hicho kufunga nyuzi ni kubahatisha.

*Uzee.* Mpira na nyuzi huenda kwanza. Zinki kwa kawaida hudumu. Boksi lenye foamu ndani liangalie pia, kwa sababu foamu ya zamani huoza, ikanata kwenye rangi.

*Anayefaa.* Aliyewahi kuendesha, kutengeneza au kukua karibu na mitambo. Anayeridhika na modeli 15 badala ya 500. Kama unatangatanga kati ya mada, kundi hili litakubana haraka.

5. Vya zamani: Dinky, Corgi, Matchbox za Lesney

Dinky Toys zilipata jina lao 1934 kwenye kiwanda cha Meccano, Liverpool. Corgi zilitoka kwa Mettoy mwaka 1956, zikiwa na madirisha ya plastiki ambayo Dinky hazikuwa nayo. Kati ya 1979 na 1983 kampuni zote tatu kubwa za Uingereza zilianguka: Meccano ilifunga kiwanda, Lesney ikafilisika, Mettoy ikafuata. Kwa hiyo hiki ni kitabu kilichofungwa. Majina yaliuzwa na yanaendelea kutumika, lakini vitu vyenyewe haviongezeki.

*Nafasi.* Ndogo hadi wastani. Skeli zimechanganyika, na wakusanyaji wa vya zamani hawajali.

*Usahihi.* Ni kumbukumbu ya gari zaidi kuliko nakala yake. Taa ni matone ya rangi ya fedha, ndani tupu. Uzuri wake uko kwingine, kwenye uzito na kwenye rangi nene.

*Ukaguzi.* Huku ndiko ukaguzi unakuwa fani. Rangi iliyopakwa upya hujaza mistari ya milango hadi inakaribia kutoweka. Rangi ya kiwandani huacha mistari hiyo wazi. Angalia ndani ya matao ya magurudumu na upande wa ndani wa paa, ambako mpakaji wa nyumbani husahau kulinganisha. Matairi meusi mno, laini mno, ni mapya. Vipande vya kubadilisha si dhambi kama vimetajwa. Aston Martin DB5 ya James Bond iliyotolewa na Corgi mwaka 1965 ina kiti kinachorusha abiria, na abiria huyo amepotea kwenye makochi ya dunia nzima. Ukimkuta, uliza kama ni wa asili. Boksi nalo liwekwe chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno. Karatasi nyingi za kisasa zina kemikali ya kuongeza weupe, hung'aa samawati. Boksi linalosemekana kuwa la kabla ya vita likiwaka kama shati jeupe kwenye disko, umepata jibu.

Matchbox za Lesney zina mtego mwingine wa kupendeza: magurudumu. Kigari kilekile kilitoka na magurudumu ya chuma, kisha ya plastiki ya kijivu, kisha meusi, hadi 1969 yalipokuja yale membamba ya kasi. Tofauti ya gurudumu au ya kivuli cha rangi inaweza kutenganisha cha kawaida na cha nadra.

*Uzee.* Hapa kuna ugonjwa wa zinki. Aloi ikichanganyika na madini ya risasi kidogo wakati wa kuyeyushwa, huanza kuoza kutoka ndani kati ya chembe na chembe, inavimba, inapasuka, na haina dawa. Dinky za kabla ya Vita vya Pili ndizo zinazojulikana zaidi kwa hilo. Mimi nilinunua lori moja la namna hiyo kwa picha tatu. Picha zote zilikuwa za upande wa kulia, na sikujiuliza kwa nini. Lilipofika, chasisi ilikuwa imepinda kama ndizi, na nilipolishika kulitoa kwenye pamba, kona ya bodi ilibaki kati ya vidole vyangu. Haikuvunjika kwa kishindo. Ilitoka tu, kama kipande cha biskuti kilicholowa. Tangu siku hiyo huomba picha ya tumbo la gari, na picha moja likiwa limewekwa juu ya kioo bapa, ili nione kama magurudumu yote yamekaa. Nyufa nyembamba kama nywele, kuta zilizovimba, ekseli zilizobanwa: ukiona mojawapo, acha.

*Anayefaa.* Mwenye subira na anayependa upelelezi. Anayekubali mikwaruzo kama sehemu ya maisha ya kitu. Asiyependa kubishana kuhusu uhalisi akae mbali.

Sasa, kulingana na hali yako

Kama una rafu moja na bajeti ndogo, na unataka tu kuanza wiki hii, vigari vya kadi vitakufundisha jicho bila kukuumiza. Jiwekee mpaka mapema: aina moja ya gari, au kampuni moja, au rangi moja. Ukiona unarudi kwenye kigari kimoja kila mara kwa sababu magurudumu yake yanakukera, hiyo ni ishara kwamba wewe ni mtu wa 1:64 sahihi.

Kama nafasi ni ndogo lakini unataka malori na magari ya abiria yasimame pamoja bila uongo, 1:64 sahihi ndiyo njia pekee kati ya hizi tano. Ukitaka malori peke yake, na unataka yafanye kazi, nenda 1:50 moja kwa moja. Kuchanganya malori ya 1:50 na magari ya 1:43 rafu moja watu hufanya, na kwa mbali hupita. Kwa karibu lori linaonekana limenyauka.

Kama kuna gari fulani unalolitafuta, lile la mzazi wako au lililoshinda mbio fulani, tafuta 1:43 kwanza. Likiwa la resini na hupendi resini, angalia kama kuna toleo la zamani la chuma kutoka Solido au Norev kabla hujakata tamaa.

Kama unanunua kwa picha tu, bila kushika, mpangilio wa hatari kwa uzoefu wangu ni huu: vya zamani ndivyo vya kuogopa zaidi, vikifuatiwa na kreni na mitambo, kisha resini, kisha 1:64, na vigari vya kadi mwisho, isipokuwa vile vya nadra.

Na kama hukununua chochote, bali umeachiwa boksi la vigari vya zamani na mtu aliyefariki, usivioshe na usipake rangi. Usitupe maboksi yaliyochanika wala magurudumu yanayobingirika chini ya pamba, yana wenyewe humo ndani. Chenye ugonjwa wa zinki hakiambukizi vingine, kwa hiyo hakuna haja ya kukitenga; kiweke mahali pakavu, pasipo joto, bila kitu juu yake. Kisha vigeuze vyote matumbo juu, upige picha, na uanze kusoma.